Tarehe ya Pangaboi, Kama Isomwavyo Kilombero

Kidatu, kwenye mlango wa bonde la Kilombero, zipo reli mbili zisizooana. Moja inatoka Kilosa, tawi la Reli ya Kati, na upana wake ni milimita 1,000. Nyingine ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, hata vidole vinne havijai, lakini behewa la huku halivuki kwenda kule. Ndiyo maana Kidatu pakajengwa kituo cha kuhamishia mizigo: shehena hushushwa upande mmoja ikapakiwa upya upande wa pili. Anayetaka kuelewa kwa nini ndege nzuri inaweza kukosa wanunuzi aanzie hapo.

Tarehe hii ni ya ndege ndogo za abiria ambazo Watanzania tunaziita pangaboi. Ndani yake mna injini ya jamii ya jeti, ila nguvu yake hutumika kuzungusha mapanga ya mbele. Haiendi kasi kama Boeing au Airbus, lakini kwa safari fupi hula mafuta kidogo, na hutosheka na kiwanja kifupi. Aina nyingine hutua hata kwenye udongo na nyasi.

Bonde letu linazijua vizuri shida zilizozaa ndege hizo. Kabla ya barabara, wenyeji Wandamba walikuwa mabingwa wa mtumbwi, kwa kuwa masika mto Kilombero hufurika na kuifanya mbuga kuwa ziwa. Mkataba wa TAZARA ulitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa. Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba zikapata stesheni, na wachuuzi wa mchele na ndizi wakapata treni yao fupi waliyoiita Kipisi. Kwenda Mahenge, ng'ambo ya mto, ilibidi kuvuka kwa kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilizama, na mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, likafunguliwa rasmi.

Mbali na hapa, watu wa Siberia walikuwa na masika ya namna yao. Theluji ikiyeyuka, barabara hugeuka tope na vijiji hukatika. Ndipo Umoja wa Kisovieti ukazalisha Antonov An-24, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1959 na kubeba watu wapatao 50. Zilitengenezwa zaidi ya elfu moja. Kwa safari ndogo zaidi kazi ilipewa kiwanda cha Let kilichoko Kunovice, Czechoslovakia. Ndege yao, L-410, iliruka Aprili 1969. Wasovieti waliitaka istahimili baridi kali na viwanja vifupi vya udongo, na kiwanda kikaibadilisha mpaka ikatimiza masharti hayo. Toleo la UVP-E la miaka ya 1980 lilibeba abiria 19. Jumla zimejengwa zaidi ya 1,100, na nyingi zilichukuliwa na mteja mmoja, shirika la Aeroflot.

Mwenye mteja mmoja ana mlango mmoja, na mwaka 1991 mlango ule ulifungwa. Umoja wa Kisovieti ulivunjika, Aeroflot ikagawanyika kuwa mashirika mengi madogo yasiyo na fedha, na oda za Kunovice zikakauka. Viwanda vilivyokuwa vya nchi moja sasa vilitenganishwa na mipaka. Ilyushin Il-114, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1990 ili kurithi kazi ya An-24, ilibuniwa Moscow, ikaunganishwa Tashkent, na injini zake zikabuniwa St. Petersburg. Ghafla ndege moja ikawa na forodha ndani yake. Zilipatikana zipatazo 20 tu, na Uzbekistan ndiyo iliyozitumia zaidi. Ukraine nayo ikatoa An-140, iliyoruka mwaka 1997. Ilijengwa Kharkiv, Samara na hata Isfahan nchini Iran, lakini hazikufika 50.

Tusiseme wahandisi wale hawakujua kazi. Walijua sana. Kilichopungua ni vile vitu ambavyo mnunuzi havioni siku ya maonyesho. Benki ya kukopesha haikuwapo. Ghala la vipuri lenye kujibu simu usiku wa manane halikuwapo. Vyeti vya ubora vya Moscow na Kyiv havikutambuliwa moja kwa moja Ulaya ya Magharibi. Hizo ndizo milimita 67 zao. Wakati huohuo ATR ya Ufaransa na Italia na Dash 8 ya Canada zilikuja na mkopo, mafunzo na vipuri ndani ya mkataba. Baadaye hata Kazakhstan, iliyokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, ilirusha Dash 8 Q400 kwenye safari za ndani.

Ndege za Kunovice hazikufa. Zilizobaki bila kazi ziliuzwa kwa bei nafuu, na nyingi zikaja Afrika. Eagle Air ya Uganda ilizirusha kutoka Entebbe, na ZanAir ya Zanzibar nayo ilikuwa na L-410. Mashariki ya Kongo, ambako barabara kati ya Goma, Bukavu na Bunia hazitegemeki, L-410 na Antonov zikawa ndizo malori. Ziliwabeba wagonjwa, sabuni, maharage na askari. Lakini bei nafuu ilizifikisha pia mikononi mwa watu wasio na mafundi wala vipuri, na ajali zikawa nyingi. Tangu mwaka 2006 mashirika yaliyosajiliwa Kongo yamepigwa marufuku katika anga la Umoja wa Ulaya. Chombo kilekile kilichosifiwa Siberia kikaogopwa Kongo, na tofauti ilikuwa ni matunzo.

Kiwanda chenyewe cha Kunovice kilinunuliwa na kampuni ya Urusi, UGMK, iliyochukua asilimia 51 mwaka 2008 kisha kukimiliki chote. Toleo jipya, L-410 NG, liliruka Julai 2015. Vita vya Ukraine vilipozuka na vikwazo vikafuata, mwaka 2022 kiwanda kikarudi mikononi mwa Wacheki.

Kwetu Tanzania pangaboi ina tarehe yake. East African Airways ilirusha Fokker F27 tangu miaka ya 1960. Shirika hilo lilipovunjika, Machi 1977 likaundwa Shirika la Ndege Tanzania, ambalo F27 na Twin Otter zake ziliunganisha Dar es Salaam na miji ya mikoani. Baadaye Precision Air, kampuni iliyoanzishwa na Michael Shirima, ilijenga jina lake juu ya ATR, na mwaka 2006 ikaagiza mpya saba. ATCL, mrithi wa Shirika la Ndege Tanzania, ilikuwa na Dash 8 Q300. Aprili 2012 moja yake iliharibika ikiruka kutoka Kigoma, na kwa bahati njema hakufa mtu. Kufikia 2016 shirika lilikuwa na ndege moja tu. Septemba mwaka huo zikaja Q400 mbili zenye viti 76. Wapo waliozibeza kwa jina hilohilo la pangaboi, kana kwamba panga ni ishara ya ukale. Mimi naona waliokosea ni wabezaji: Kigoma, Songea na Bukoba hazihitaji jeti kubwa iruke nusu tupu. Ya tatu ilishikiliwa Canada mwaka 2017 kwa ajili ya madai ya mkandarasi wa barabara aliyelidai Taifa, ikafika Aprili 2018. Hata deni la barabara linaweza kuizuia ndege.

Narudi bondeni kwa shahidi wa mwisho. Vichwa vya kwanza vya treni ya TAZARA, vilivyotoka China, vilihangaika mno kwenye mlima kati ya Mlimba na Makambako. Miaka ya 1980 vikaletwa vya muundo wa Marekani, vyenye nguvu zaidi. Navyo, vipuri vilipoadimika, vilisimama karakana, na abiria wa Kipisi wakalala stesheni. Njia ya reli ilikuwa pale pale. Kilichokosekana ni kichwa kizima cha kuvuta.

Ifakara ina uwanja mdogo wa ndege. Una thamani kuliko unavyoonekana, kwa sababu hospitali ya Mtakatifu Fransisko na taasisi ya utafiti wa malaria zipo hapa, na kuna mgonjwa ambaye hata lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67, ni ndefu kwake. Kwa hiyo ninaliomba Taifa na halmashauri zetu jambo lililo ndani ya uwezo wao. Nyasi za viwanja vya wilaya zifyekwe, mitaro izibuliwe kabla ya masika, na vijana wa Kilombero wapelekwe Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wajifunze ufundi wa ndege. Na kila tunapoletewa chombo kipya, kiwe ndege, treni au kivuko, swali la kwanza liwe: vipuri vyake viko wapi, na fundi wake ni nani? Bei iulizwe baada ya hapo.