Upanga na Sheria: Jeshi na Bunge katika Jamhuri ya Wapuritani, Uingereza, 1649–1660

1. Suala

Neno jamhuri, ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, lina maana ya umma, yaani watu walio wengi. Ndilo neno tunalotumia kuitaja serikali iliyotawala Uingereza tangu mfalme Charles I alipokatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, hadi mwanawe aliporudi mwezi wa Mei 1660. Lakini katika miaka hiyo kumi na mmoja, hakuna Bunge la jamhuri lililoachwa limalize kazi yake bila jeshi kuingilia kati. Kwa nini ilikuwa hivyo?

Mara nyingi jibu hutafutwa katika tabia ya mtu mmoja, Oliver Cromwell. Makala haya yanatafuta jibu mahali pengine. Wazee wetu husema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo inaeleza ugomvi, ila haielezi kwa nini fahali hawa walirudi kila mara katika zizi lile lile. Ukweli ni kwamba kila mmoja alimhitaji mwenzake: bila jeshi Bunge lisingekuwa na jamhuri ya kutawala, na bila Bunge jeshi lilikosa kodi halali ya kuwalipa askari.

2. Mishahara na haki (1645–1649)

Wapuritani walikuwa Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe na mabaki ya ibada na vyeo vya Kanisa la Roma. Walikuwamo Bungeni, walikuwamo jeshini. Kwa hiyo mgogoro tunaousimulia ulikuwa hasa kati ya ndugu wa imani moja. Wengi Bungeni walitaka kanisa moja la taifa linaloongozwa na mabaraza ya wazee; wengi jeshini walitaka kila kusanyiko liwe huru.

Jeshi Jipya liliundwa na Bunge mwaka 1645 chini ya jenerali Thomas Fairfax, na mnamo tarehe 14 Juni ya mwaka huo likamshinda mfalme huko Naseby. Vita vilipokwisha, Bunge lilitaka kuvunja sehemu ya jeshi na kuwapeleka wengine Ireland, kabla ya kuwalipa malimbikizo yote ya mishahara yao. Mwaka 1647 askari walichagua wajumbe wao wa kuwasemea. Kisha jeshi likatoa tamko kwamba askari wake hawakuwa mamluki wa kukodiwa, bali raia waliochukua silaha kutetea haki zao na za wananchi.

Hapo ndipo dai la mshahara lilipogeuka kuwa dai la katiba. Katika kanisa la Putney, karibu na London, maofisa na askari walijadiliana mwezi wa Oktoba na Novemba 1647. Kanali Thomas Rainsborough alishikilia kwamba hata aliye maskini kabisa hafungwi na serikali ambayo hakuikubali. Henry Ireton, mkwewe Cromwell, alimjibu kwamba kura ni ya wenye mali.

Bunge lilipoendelea kutafuta mapatano na mfalme, kanali Thomas Pride alisimama mlangoni tarehe 6 Desemba 1648 pamoja na askari wake. Wabunge wapatao 45 walikamatwa, na wengine zaidi ya mia moja walizuiwa wasiingie. Waliobaki ndio waliounda mahakama ya kumhukumu mfalme, na baadaye wakatangaza jamhuri. Jamhuri hiyo ilidai kutawala kwa niaba ya wananchi, ilhali Bunge lake lilikuwa limechujwa na askari.

3. Kutafuta Bunge linalofaa (1649–1655)

Bunge hilo la Mabaki lilitawala kwa miaka minne. Jeshi lililalamika kwamba lilichelewesha marekebisho ya sheria na uchaguzi mpya. Tarehe 20 Aprili 1653 Cromwell aliingia na askari, akawafukuza wabunge. Wanahistoria hawajakubaliana hadi leo juu ya yaliyokuwamo katika mswada wa uchaguzi uliokuwa ukijadiliwa siku hiyo, kwa kuwa mswada wenyewe umepotea.

Badala ya uchaguzi, Cromwell na baraza la maofisa waliteua watu wapatao 140, waliodhaniwa kuwa wacha Mungu. Baraza hilo lilikutana mwezi wa Julai. Lilipogusa zaka za makasisi na mahakama, wenye mali waliingiwa na hofu. Mwezi wa Desemba kundi la wajumbe lilimrudishia Cromwell mamlaka, na wale waliokataa kutoka walitolewa na askari.

Siku chache baadaye ilitolewa katiba iliyoandaliwa na jenerali John Lambert. Cromwell akawa Mlinzi wa Dola. Katiba iliagiza jeshi la watu 30,000, yaani wapanda farasi 10,000 na askari wa miguu 20,000, na Bunge litakalokaa angalau miezi mitano. Bunge la kwanza, lililofunguliwa Septemba 1654, lilihoji yote mawili: nani aliiidhinisha katiba hiyo, na nani ataliamuru jeshi? Tarehe 22 Januari 1655 Cromwell alilivunja, akihesabu mwezi kuwa siku 28. Hiyo ndiyo hesabu iliyotumika katika kulipa askari. Uhai wa Bunge ulipimwa kwa kalenda ya mishahara ya jeshi.

4. Taji lililokataliwa (1655–1658)

Baada ya uasi mdogo wa wafuasi wa mfalme mwaka 1655, nchi iligawanywa katika maeneo chini ya mameja jenerali. Walitoza wafuasi hao sehemu moja ya kumi ya mapato yao, wakafunga vilabu vya pombe, wakazuia mashindano ya farasi na michezo ya kupiganisha majogoo. Bunge lilikataa kuirefusha kodi hiyo mwezi wa Januari 1657, na utawala wao ukaisha.

Kisha wabunge walimpa Cromwell taji. Hilo halikuwa jambo la kujipendekeza tu: mamlaka ya mfalme yalikuwa na mipaka inayojulikana katika sheria, lakini ya Mlinzi yalitegemea upanga. Maofisa walipinga. Miongoni mwa waliochochea ombi la kulikataa taji alikuwa Pride yule yule. Tarehe 8 Mei 1657 Cromwell alilikataa.

5. Hitimisho

Cromwell alifariki tarehe 3 Septemba 1658. Mwanawe Richard hakuwa na heshima ya kijeshi, wala hakuwa na fedha za kulipa malimbikizo. Aprili 1659 maofisa walimlazimisha kuvunja Bunge. Wakalirudisha lile la Mabaki, wakalifukuza tena Oktoba. Ndipo jenerali George Monck alipotoka Scotland na jeshi lake, akawarudisha wabunge waliozuiwa mwaka 1648. Katika tamko lake la Breda la Aprili 1660, Charles II aliahidi kuwalipa askari wa Monck malimbikizo yao yote. Bunge jipya likatafuta fedha, jeshi likalipwa na kuvunjwa. Deni lililofungua mgogoro mwaka 1647 ndilo lililoufunga.

Jeshi la Wapuritani halikukosa dhamira. Hoja za Putney zinasomwa hadi leo. Lakini liliweza kuunda Bunge bila kuweza kulitii, kwa maana aliyeteua wasemaji hubaki na tamaa ya kuchagua maneno yao. Waingereza walilikumbuka hilo mwaka 1689, Bunge lilipotamka kwamba kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila idhini yake ni kinyume cha sheria. Tangu hapo swali la Rainsborough, juu ya maskini na kura yake, lilibaki kusubiri kwa zaidi ya karne mbili. Lakini swali la nani anaamuru upanga lilikuwa limepata jibu lililoandikwa.