Tuta la Udongo la Solai

Usiku wa Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, katika bonde la Solai, Nakuru, nchini Kenya, lilikatika tuta la udongo lililokuwa likishikilia maji ya bwawa la shamba moja kubwa. Bwawa hilo lilijulikana kwa jina la Bwawa la Patel. Maji yaliteremka gizani yakibeba matope, mawe na miti, yakavipitia vijiji vya wakulima wadogo na vibarua, wengine wakiwa bado wanakula chakula cha usiku na wengine wamekwisha lala. Nyumba zilisombwa pamoja na waliokuwamo. Shule ya msingi iliharibiwa, nguzo za umeme zikaanguka. Kulipokucha, polisi, watu wa Msalaba Mwekundu na wanakijiji walikuwa wakichimbua matope kwa majembe na mikono mitupu. Mashtaka yaliyofunguliwa baadaye yalitaja vifo vya watu 48, watoto wakiwa wengi miongoni mwao.

Je, maafa yale yalikuwa kazi ya mvua? Ni kweli kwamba masika ya mwaka ule yalikuwa makali, tena yalifuata ukame mrefu wa mwaka 2017. Lakini mvua hiyohiyo ilinyesha juu ya matuta mengine mengi, nayo hayakukatika.

Tuta la udongo ni kitu cha kale na cha busara. Hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka, kuvuka kijito au korongo. Kwa nchi zetu lina faida kubwa: halihitaji saruji nyingi wala mitambo ya gharama, na wanakijiji wenyewe wanaweza kulijenga. Katika Kenya ya ukoloni, walowezi walioshika ardhi ya Bonde la Ufa walijenga matuta ya namna hiyo katika mashamba yao. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, serikali ya kikoloni nayo ilichimba mabwawa madogo katika maeneo ya Waafrika kama Machakos na Kitui, ambako watu na mifugo walikuwa wamesongamana katika ardhi iliyochoka, kwa sababu ardhi nyingine ilikuwa imekwisha chukuliwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mashamba mengi yalibadilisha wenyewe. Mengine yaligawanywa kwa wananchi, mengine yakabaki makubwa kama yalivyokuwa. Mpango wa bonde, hata hivyo, haukubadilika: maji juu kwa mwenye shamba, watu chini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bwawa la kuzuia mafuriko na bwawa la kumwagilia mashamba yanafanana kwa sura, lakini yana tabia mbili zinazopingana. Lile la mafuriko hufaa likiwa na nafasi tupu. Mvua kubwa inapokuja hulijaza, kisha maji hutolewa polepole, na mto ulio chini haupandi kwa ghafla. Mwenye shamba hutaka kinyume chake: kila tone lihifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Basi masika yanapofika kileleni, bwawa lake limekwisha jaa, na halina pa kuweka maji mapya. Likijaa namna hiyo, lililobaki kuliokoa ni njia ya kumwagia maji ya ziada, yaani mfereji mpana ubavuni mwa tuta. Mfereji huo ukiwa mwembamba au ukizibwa na magugu, maji hupita juu ya tuta, nayo hulila kuanzia upande wa nyuma mpaka likatike. Mizizi ya miti na mashimo ya wanyama huweza kufanya kazi hiyohiyo kimyakimya kwa miaka, maji yakipenya ndani kwa ndani. Dalili huonekana: chemchemi mpya chini ya tuta, maji yanayovuja yakiwa na rangi ya udongo, ufa, mahali palipodidimia. Mchunga ng'ombe anaweza kuziona. Tatizo ni nani atamsikiliza.

Baada ya maafa ya Solai, wakuu wa serikali walisema bwawa lile halikuwa na kibali. Mabwawa mengine ya mahali pale yakakaguliwa, na maji ya mojawapo yakaanza kupunguzwa kwa hofu kwamba nalo litakatika. Watu tisa walishtakiwa mwaka 2018, wakiwemo mwenye shamba na maofisa wa serikali. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuiendesha kesi ipasavyo. Baadaye Mahakama Kuu iliutengua uamuzi huo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Waliofiwa walikuwa wakisafiri kwenda na kurudi mahakamani.

Kisha ikaja Mai Mahiu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliwaua zaidi ya watu 50 katika eneo hilo la Bonde la Ufa. Taarifa za kwanza, pamoja na za polisi, zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba halikuwa bwawa. Njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka, mawe na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta lile, kisha yakapenya kwa nguvu. Tuta la reli lilikuwa limegeuka bwawa bila mtu kulipangia kazi hiyo. Kwa askari wa doria tofauti hiyo si ya maneno tu, maana anayekagua mabwawa yaliyo katika daftari peke yake asingelifika pale.

Wala Tanzania haiko mbali na mambo hayo. Kilosa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulifurika ukavunja kingo zake na kuikata Reli ya Kati.

Nchini Kenya, tarehe 2 Mei 2024, Wizara ya Mambo ya Ndani iliwapa wakazi wa karibu na mabwawa 178 saa 24 wahame, na vyombo vya usalama vikaagizwa kusimamia. Amri hiyo ilitoka siku ya tatu baada ya Mai Mahiu, na karibu miaka sita baada ya Solai.