Namba na Shaka Yake

Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, wilayani Kibaha, lilipokea msaada wa takribani kilo 170,000 za viuatilifu kutoka Ugiriki. Sehemu ya shehena ilikuwa imekwisha muda wake wa matumizi. Iliwekwa kwenye banda la wazi, banda likaja kuanguka, na sumu ikaingia ardhini. Hata baada ya usafi kufanyika, wanasayansi walikuta mahali ambapo DDT ilifikia asilimia 28 ya udongo wa juu. Yaani katika kila kilo ya udongo, zaidi ya robo kilo ilikuwa sumu.

Ninasomea kemia ya mazingira, na kwetu ni Laela. Ni rahisi kuisoma namba hiyo kana kwamba ndiyo Vikuge yote. Sivyo. Ni ya mahali palipozidi kuliko pote. Hatua chache kando, jibu ni jingine.

Mwaka 1980 mkemia Mmarekani William Horwitz alionyesha, kwa matokeo ya maabara nyingi zilizopima sampuli zilezile, kwamba kadiri kinachotafutwa kinavyopungua ndivyo maabara zinavyozidi kutofautiana. Kwa miligramu moja katika kilo, majibu hutawanyika kwa takribani asilimia 16. Kwa mikrogramu moja, asilimia 45. Penye sumu tele, basi, hakuna ubishi. Ubishi uko shamba la jirani, ambako watu wanalima na kula.

Huku kwetu historia ya dawa ni nyingine. Bonde la Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa, ni mazalia ya nzige wekundu. Mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kupambana nao, makao yake Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Tuseme mtu anataka kujua kama mabaki ya viuatilifu vya zamani yapo pia huku juu. Atachota wapi? Mfipa hulima ntumba: hufukia nyasi ndani ya tuta, kisha msimu unaofuata hulibomoa na kulisambaza. Nazo sumu za jamii ya DDT hushikamana na mboji. Kijiko cha katikati ya tuta na kijiko cha kati ya matuta ni vya shamba moja, lakini vyaweza kutoa majibu mawili. Mashine ya maabara, hata iwe ya kisasa namna gani, haisahihishi uchotaji mbaya.

Dawa yake si siri: chota sehemu nyingi, changanya, rudia, kisha andika namba pamoja na kiasi inachoweza kupanda au kushuka. Na "haikuonekana" isisomwe "haipo".

Mkulima anauliza jambo moja tu: nilime au nisilime? Tukimpa namba tupu, tumemtwisha peke yake shaka ambayo sisi tuliijua.