Athari ya Efimov
Athari ya Efimov ni tukio la fizikia ya kwanta ambamo chembe tatu hushikamana hata pale ambapo mbili kati yao, zikiwa peke yake, haziwezi kushikamana. Imepewa jina la Vitaly Efimov, mwanafizikia wa Umoja wa Kisovyeti, aliyeitabiri mwaka 1970 akiwa Leningrad (leo Sankt Peterburg).

Mafiga ya jikoni yanasaidia kuielewa: mawili hayakalishi chungu, matatu hukikalisha, na likiondolewa lolote chungu huanguka. Lakini mafiga hubeba chungu kimoja tu. Efimov alikokotoa kwamba bosoni tatu zinazofanana, mvuto baina ya kila mbili ukiwa ndiyo kwanza unafikia kiwango cha kuzifunga, huwa na mfululizo usio na mwisho wa hali za kushikamana. Kila hali ni pana takriban mara 22.7 kuliko iliyoitangulia, na nishati inayoifunga ni ndogo takriban mara 515. Kama ya kwanza ingekuwa na upana wa nanomita 1, ya tatu ingezidi nanomita 500, mbali kuliko kani yenyewe inavyofika.

Uwiano huo hautegemei aina ya kani. Efimov alifikiria viini vya atomi, lakini hesabu ni ileile kwa atomi nzima. Unabadilika chembe zikitofautiana kwa masi. Kwa atomi mbili za seziamu na moja ya lithiamu ni karibu 4.9 tu.

Wengi waliutilia shaka utabiri huo, na ilipita miaka zaidi ya 30 bila ushahidi. Mwaka 2006 kundi la Rudolf Grimm katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, lilipoza gesi ya seziamu hadi nanokelvini 10 hivi, likarekebisha mvuto wa atomi kwa uga wa sumaku. Hawakuziona atomi tatu zilizoshikamana. Waliona atomi zikipotea kwa wingi kutoka kwenye mtego wake pale ambapo hali ya Efimov ilitarajiwa. Hali moja haikutosha kuthibitisha mfululizo. Mwaka 2014 maabara hiyohiyo ilipata ya pili, kwa uwiano wa karibu 21.

Mwaka 2015 kundi la Reinhard Dörner mjini Frankfurt, Ujerumani, lilipiga picha ya hali hiyo katika atomi tatu za heliamu, kwa kuzivunja kwa leza na kupima vipande. Heliamu haikuhitaji kurekebishwa kwa sumaku: mvuto wake wa asili uko karibu na kiwango kinachotakiwa.