Neno «umejaa» katika sala yetu

Mara nyingine watu waliosoma husema kwamba Kiswahili ni lugha maskini, kwa sababu maneno yake ya sifa ni machache. Je, ni kweli?

Maneno ya sifa tunayo: -zuri, -refu, -kubwa. Mengine, kama safi, tuliyapata kwa Waarabu. Lakini pale Mfaransa anapotumia neno la sifa, mara nyingi sisi twatumia neno la tendo. Twasema: mgonjwa amekonda, yule amelewa, mtungi umejaa. Maneno hayo huonyesha hali, tena huonyesha kwamba hali hiyo ina chanzo. Mtungi haujai bila mtu kutia maji.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1883 wakafungua misioni ya Kibanga, upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Wengi wao walikuwa Wafaransa, ikawabidi wajifunze kusema kwa namna hiyo. Mwaka uleule wa 1879, Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika Unguja. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilipigwa chapa Paris mwaka 1939 na 1941.

Wala hatuko peke yetu. Huko Marekani, Padre Berard Haile, Mfransisko, alianza kazi kati ya Wanavaho mwaka 1900. Kwao «nineez» ni kusema: yeye ni mrefu, na «nisneez»: mimi ni mrefu. Urefu wenyewe ni neno la tendo, nalo hugeuka kwa kufuata nafsi.

Sasa tutazame sala yetu. Kwa Kilatini Mama Maria huamkiwa «gratia plena», na «plena» ni neno la sifa. Sisi twasema: umejaa neema. Lakini Mtakatifu Luka aliandika kwa Kigiriki, na pale alitumia neno lililotoka katika tendo, maana yake: wewe uliyekwisha kupewa neema. Basi lugha inayoitwa maskini imesimama karibu na Injili yenyewe. Neema ile Maria hakujipa. Mungu ndiye aliyemjaza, tangu kutungwa kwake mimba.

Hata neno «mtakatifu» limezaliwa na kutakata. Basi, tunapoomba Rozari, tusiyapite maneno haya upesi. Naye aliyemjaza Maria aijaze na mitungi yetu.