Baiskeli ya Tope na Baiskeli ya Vumbi: Ardhi Ndiyo Fundi

Nimekuwa kimya wiki mbili, majaribio yalinibana mpaka basi, lakini tuko hai. Leo naweka historia, tena siyo ya vita wala ya wafalme. Ni ya baiskeli.

Pale hosteli kuna ubishi ambao haujaisha. Upande mmoja unasema hizi baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo na tairi nene, ni ujanja wa wauzaji tu: wamechukua baiskeli ya zamani ya saiklokrosi wakaibandika jina jipya. Upande mwingine unasema ni kitu kingine kabisa. Ubishi wenyewe si wa bure, maana wapo wanaotaka kuunganisha za kwao kwa fremu za mtumba, na pesa ni ileile ya boom. Ukinunua fremu isiyofaa, boom halirudi. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya kweli, na historia inaonyesha nusu ipi.

Tuanzie Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20. Waendesha baiskeli wa barabarani walikuwa na shida ya majira ya baridi: mashindano hakuna, mwili unalala. Wakaanza kukata mashambani, kuruka mitaro, kupanda vilima huku wamebeba baiskeli begani. Mwaka 1902 askari mmoja, Daniel Gousseau, aliandaa mashindano ya kwanza ya taifa ya mchezo huo. Mwanzoni wengi waliuona kama mazoezi tu. Halafu akaja Octave Lapize: akawa bingwa wa Ufaransa wa saiklokrosi mwaka 1907, na mwaka 1910 akashinda Tour de France. Yeye mwenyewe alisema mazoezi ya tope yalimsaidia. Hapo watu wakaacha kucheka. Mwaka 1950 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia, Paris, na mshindi akawa Jean Robic, ambaye naye alikuwa ameshachukua Tour ya mwaka 1947.

Sasa tuje kwenye vyuma, maana ndipo penye utamu.

Watu wale hawakuwa na baiskeli maalumu. Walichukua ya barabarani wakaanza kuirekebisha, na kila rekebisho lilikuwa jibu kwa tope. Breki ya kawaida ya barabarani inapita juu ya tairi kama daraja fupi. Tope likijaa pale, gurudumu linagoma. Jibu likawa breki za mikono miwili iliyosimama kila upande wa rimu, zikiacha njia katikati tope lipite. Kampuni ya Kifaransa ya Mafac ilijulikana sana kwa breki hizo. Lakini zingatia jambo moja: vishikizo vyake vinachomelewa kwenye fremu yenyewe. Fremu isiyo navyo, huzifungi.

Angalia na waya. Kwenye baiskeli nyingi za barabarani za zamani waya wa breki ya nyuma ulipita chini ya bomba la juu. Kwenye saiklokrosi mafundi waliuhamishia juu, ili chini pabaki laini. Kwa nini? Kwa sababu pale ndipo bega linapoingia ukiibeba. Yaani hata njia ya waya imeamuliwa na mtaro wa shambani!

Halafu zikaja sheria. UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huu, kiliweka kikomo cha unene wa tairi, na tangu mwaka 2010 kikomo hicho ni milimita 33 kwenye mashindano yake. Mwaka huohuo wa 2010 kikaruhusu breki za diski, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zimekatazwa. Breki ya diski hukamata pale katikati ya gurudumu, mbali na tope, na rimu hata ikipinda kidogo breki haijali. Mwaka 2014 SRAM wakatoa giya za CX1 kwa ajili ya saiklokrosi: sahani moja tu ya meno pale kwenye pedali badala ya mbili. Vitu vichache, tope linakosa pa kushika.

Lakini kumbukeni, mashindano ya saiklokrosi ni kama saa moja tu. Mkimbiaji anazunguka njia fupi, na baiskeli ikichafuka kuna mtu pembeni mwenye nyingine safi. Hahitaji chupa tatu za maji. Hahitaji pa kufunga mfuko. Sasa ichukue baiskeli hiyo uitoe kwenye saa moja ya tope uipeleke kwenye kutwa nzima ya vumbi. Itakuwaje?

Jibu lilipatikana Kansas, Marekani. Mwaka 2006 watu 34 walianza safari ya maili 200, yaani kama kilomita 320, kwenye barabara za changarawe kuzunguka mji wa Emporia. Mashindano hayo leo yanaitwa Unbound Gravel. Vilima vya pale vina mawe ya gumegume, makali, jamii ya yale ambayo watu wa kale walichongea vichwa vya mishale. Fikirieni tairi la milimita 33 hapo! Watu walikuja na walichonacho, wengine saiklokrosi, wengine baiskeli za milimani, na kila mmoja akajua kinachomkosesha raha. Tairi nene zaidi. Fremu ndefu kidogo, itulie kwenye mteremko. Pedali zikae chini zaidi, maana hapa haurukiruki mitaro. Matundu ya kufungia chupa. Mwaka 2012 Salsa wakatoa Warbird, iliyoundwa hasa kwa mbio za aina hii. Mwaka 2019 Shimano wakatoa GRX, giya zao za kwanza za changarawe. Siku hizi wapo wanaofunga hata tairi za milimani kwa ajili ya Kansas.

Kwa hiyo wauzaji walikuja nyuma. Waliotangulia ni waliochaniwa tairi.

Na huku kwetu? Barabara ya vumbi hatukuisubiri ipewe jina. Ile black mamba ya chuma ina nafasi kubwa chini ya madigadi, breki za vyuma badala ya waya, keria ya kubeba gunia. Ni majibu ya ardhi pia, ila swali lilikuwa mzigo, siyo mbio. Kwenye mbio zenyewe Kenya imeshaingia: mwaka 2021 Migration Gravel Race ilipita Maasai Mara, wageni wakija kushindana na waendeshaji wa Afrika Mashariki kwenye ardhi yao. Mmoja wa walioisukuma ndoto hiyo ni Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe ya Vermont Overland, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Nikisikia mtu anasema changarawe ni biashara tu, huwa namkumbuka yeye. Alichotaka ni vijana wa huku wapate mashine na nafasi sawa na wenzao.

Sasa nyie wa boom, funzo ni hili. Giya hubadilishwa, usukani hubadilishwa, kiti hubadilishwa. Nafasi ya tairi na vishikizo vya breki ni vya fremu, na fremu ikishakuwa imeshakuwa. Kwa hiyo kabla hujalipa, funga gurudumu lenye tairi unalotaka, kisha pitisha kidole kidogo kila upande, nyuma na mbele. Kisipopita, rudisha, hata kama rangi inang'aa namna gani. Fremu ya saiklokrosi itakufaa kama njia zako ni fupi na tairi la 33 linakutosha. Kama unataka kutoka Jumamosi asubuhi urudi magharibi, tafuta yenye nafasi ya 40 na matundu ya chupa.

Anza na barabara unayopita, ndipo uende sokoni. Wikiendi njema wadau!