Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha

Chuo cha maendeleo ya wananchi ni taasisi ya elimu ya watu wazima inayofundisha stadi za kazi pamoja na elimu ya jumla, na ambayo haimfungii mlango aliyeishia darasa la saba. Hutofautiana na chuo cha maendeleo ya jamii, kama kile cha Buhare au Rungemba, kinachoandaa maofisa wa fani hiyo; hutofautiana pia na chuo cha ufundi stadi, ambacho shabaha yake ni ufundi peke yake. Majina haya huchanganywa mara nyingi, hata na watu wanaopaswa kuyajua.

Aina hii ya chuo ilianzia Denmark, katika fikra za mchungaji N. F. S. Grundtvig. Cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa wakulima. Tanzania ilipata mfano wake Sweden, na kuanzia mwaka 1975 ikaanza kufungua vyuo vyake wilayani.

Kibaha ina historia ya pekee, kwa kuwa huko watu wa nchi za Nordiki walitangulia kufika. Mradi wao na Serikali ya Tanganyika ulianza mwaka 1963, ukilenga maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Kila adui alitengewa kitengo chake: shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima, na kituo cha afya ambacho ndicho chanzo cha hospitali ya Tumbi. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kitengo cha wakulima ndicho kilichogeuka baadaye kuwa chuo cha maendeleo ya wananchi. Kwa hiyo chuo hiki kimo ndani ya Shirika, wakati vyuo vingi vya aina yake viko moja kwa moja chini ya wizara.

Mafunzo ni ya namna mbili. Kozi ndefu hulenga ufundi unaopimwa na kutolewa cheti: useremala, uashi, umeme wa majumbani, ushonaji na kadhalika. Kozi fupi hufuata haja ya wakazi. Hapo mwanzo mpango ulikuwa mwingine: kijiji kilimchagua mwanafunzi, naye alitarajiwa kurudi kukitumikia, na cheti hakikuwa shabaha. Mpango huo ulikuwa mzuri kimaadili, lakini dhaifu kwa kijana aliyehitaji kuajiriwa mjini, na vyeti vilipoingia, ahadi ya kurudi kijijini ililegea.

Mwaka 2017 vyuo hivi vilihamishiwa katika wizara ya elimu kutoka ile ya maendeleo ya jamii.

Katika Mkoa wa Pwani, vyuo vingine vya maendeleo ya wananchi viko Ikwiriri na Kisarawe.